Ubao wa Meneja na Bibi wa Mlangoni

Meneja mpya alifika Sumbawanga mwezi wa Julai akiwa na koti jepesi la mvua, na juma zima la kwanza alitetemeka. Upepo wa huku juu ulikuwa unapita kwenye nyufa za ghala kana kwamba hakuna ukuta, na sisi wenyeji tulikuwa tumevaa masweta mawili mawili bila kuona aibu. Nilimtafutia koti zito la mtumba sokoni. Alishukuru, akalivaa hapo hapo, kisha akaniambia kwamba tatizo la kwanza aliloliona pale kazini ni kuwa hakuna anayejua nani anafanya vizuri na nani anafanya vibaya. Nikamwambia wanajua wote. Akasema, "Basi mbona hakuna anayesema?" Nikaenda kufungua ghala.

Nilikuwa msimamizi wa wachambuaji wa maharage. Kampuni ilinunua maharage kwa wakulima wa uwanda mzima, kutoka Laela mpaka Matai, na kabla hayajafungashwa na kupelekwa mbali yalikuwa lazima yatolewe mawe, vumbi na punje zilizooza. Kazi hiyo waliifanya akina mama. Walikaa chini juu ya magunia matupu, mistari miwili ikitazamana, rundo la maharage katikati. Kila mmoja alijivutia kiasi kwenye ungo wake, akachambua, akamimina yaliyo safi kwenye gunia la wote. Walipiga soga kwa Kifipa tangu asubuhi mpaka uji, na baada ya uji mpaka jioni. Usimamizi wangu ulikuwa wa kupita nyuma yao, kuchota konzi moja kutoka gunia lolote, na kutafuta mawe. Niliwahi kwenda chuo Mbeya nikafundishwa namna ya kusimamia watu, nikapewa cheti. Cheti kilikuwa kwenye begi na begi lilikuwa juu ya kabati.

Karibu na mlango, penye mwanga, alikaa mama mmoja mzee ambaye wote tulimwita bibi wa mlangoni. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na vidole vyake baridi ikizidi vilikakamaa, akawa anavisugua na kuvipulizia kabla ya kurudi kwenye ungo. Alikuwa mzito kazini. Hilo halikuwa siri ya mtu. Mume wake alikwisha kufa, watoto walikuwa Mpanda na Tunduma, na yeye alibaki na shamba lake kando ya barabara ya Matai. Wachambuaji wote walikuwa wa mkataba wa msimu. Walilipwa kidogo kidogo kila wiki, na aliyefika mwisho wa msimu, mvua zikianza, alipewa fungu la mwisho ambalo wao wenyewe waliliita kiinua mgongo. Fungu hilo ndilo lililonunua mbolea ya bibi. Bila mbolea, mahindi yake yangebaki ya manjano mpaka yanakufa, na mwaka ungemkuta akiomba unga kwa majirani. Siku moja nilimtania kwamba ataota mizizi pale mlangoni. Alinijibu, "Mwanangu, wewe unaniona nachambua maharage. Mimi nachambua mbolea."

Meneja hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke mapema, maana huko mbele nitamkasirikia. Alikuwa kijana, mtaratibu, aliwaamkia akina mama shikamoo kila asubuhi hata kama wapo wanaolingana na dada zake. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba mtu akiambiwa ukweli juu ya kazi yake, na akipewa lengo, atainuka. Alianza kwa kumwita kila mmoja ofisini kwa mazungumzo. Nami nilikaa pembeni, kwa sababu baadhi yao Kiswahili cha ofisini kiliwapa taabu.

Bibi alipoingia alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Meneja alimuuliza anaipendaje kazi. Akasema anaipenda. Akamuuliza ni kitu gani kinamzuia kufanya zaidi. Bibi akainua mikono yote miwili, akamwonyesha. Meneja aliitazama, akaandika kitu.

"Na baada ya miaka mitano, bibi, unajiona uko wapi?"

"Pale misheni," alisema bibi. "Makaburini. Kama nafasi itakuwepo."

Niliangalia dirishani ili nisicheke. Meneja akamwambia ampunguzie utani. Bibi alimhakikishia kwamba hakuwa anatania.

Baada ya mazungumzo vikaja vifaa. Meneja alinunua ndoo za plastiki, kila moja ikapakwa namba kwa rangi nyekundu, kila mchambuaji akapewa yake. Gunia la wote likaondolewa. Ndoo ikijaa ilipimwa kwenye mizani mbele ya mwenyewe, na ukutani, juu ya mlango wa stoo, ukapigiliwa ubao mweupe ambako kila Jumamosi namba ziliandikwa kwa mpangilio, aliyetangulia juu na aliyebaki nyuma chini. Mwisho wa mwezi anayeongoza angepewa zawadi. Anayeburuza mkia angepewa onyo na mwezi wa kujirekebisha. Asipojirekebisha, mkataba wake ungekatwa, na aliyekatwa mkataba hapewi kiinua mgongo.

Nilitafsiri haya yote kwa Kifipa, neno kwa neno, nikisimama karibu na rundo. Nilipomaliza hapakuwa na swali. Meneja alifurahi, akasema ukimya ule unaonyesha wameelewa. Kweli walikuwa wameelewa. Wote walikuwa wanatazama nyungo zao, na hakuna hata mmoja aliyetazama mlangoni.

Mwisho wa mwezi namba ya bibi ilikuwa chini kabisa, mbali na ya aliyemtangulia. Aliitwa ofisini tena, mara hii akiwa amesimama. Meneja alimsomea onyo kwa sauti ya upole, akamweleza kwamba hakuna chuki, kwamba hii ni nafasi yake, kwamba anamwamini. Bibi aliitikia kila sentensi. Tulipotoka nje aliniuliza swali moja tu: mwezi huo aliopewa unaisha kabla ya mvua au baada ya mvua? Nilimwambia kabla.

Sasa lazima nieleze jinsi watu wanavyolima kwetu, la sivyo yaliyofuata yataonekana kama uchawi, na Sumbawanga tumeshasingiziwa uchawi vya kutosha.

Mtu akialika watu kumlimia, hujipanga mstari mmoja upande mmoja wa shamba, na nyumbani kunakuwa na pombe ya ulezi au togwa inayowasubiri. Wote husogea mbele pamoja. Mstari haupindi. Anayejitia kutangulia sana huitwa jina lake kwa sauti, na si kwa kumsifu. Anayebaki nyuma hasemwi. Jirani wa kulia na jirani wa kushoto humega kidogo katika upande wake, jembe moja huku, jembe moja kule, bila kumtazama. Kutomtazama ndiyo heshima yenyewe. Nilikuwa mdogo nilipowekwa mara ya kwanza katikati ya mama yangu na mama mdogo, na mpaka jua linazama niliamini kwamba nimelima sehemu yangu yote. Nilirudi nyumbani nikijipiga kifua. Hakuna aliyenirekebisha.

Basi mwezi ule wa onyo nilianza kuona kitu. Mama aliyekaa kulia kwa bibi, akiinuka kwenda kunywa maji, alipita na konzi la maharage yaliyochambuliwa, na konzi lile halikufika kwenye ndoo yake. Kesho yake nikaona wa kushoto akifanya hivyo hivyo, wakati wa kwanza yuko chooni. Baadaye nikaona mama wa mstari wa pili, aliyejulikana kwa ulimi mkali na asiyeelewana na bibi tangu zamani kwa mambo ya mipaka ya shamba, akiinama mlangoni kufunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kila mmoja alifanya kwa siri yake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyepata wazo hilo, na kwamba akiwaambia wenzake atakuwa anajisifu, au anamwaibisha bibi. Shambani mstari unaonekana, na jirani anaona jirani mwenzake alivyomega, wanajua basi, inatosha. Ndani ya ndoo hakuna anayeona. Makonzi yakaingia kutoka kila upande wa ghala, na ndoo ya bibi ikawa inajaa kama kisima wakati wa masika. Mwenyewe, kwa macho yake yale, alidhani kwa muda kwamba vidole vimepona. Niliona yote hayo nikayaacha yaende. Sijutii.

Mwisho wa mwezi namba yake ilikuwa juu kabisa ya ubao.

Sijawahi kuona furaha kama ya meneja siku ile. Alisimama mbele ya akina mama akasema huu ndio ushahidi, mtu amekabidhiwa ukweli wake na ameinuka, na kama bibi ameweza, nani hawezi? Aliwataka wapige makofi. Walipiga, na wakati wanapiga walianza kutazamana, mmoja akamtazama mwingine, na taratibu nikaona uso wa kila mmoja ukifahamu kilichotokea. Mama wa ulimi mkali aliziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika. Zawadi ilikuwa blanketi zito jekundu lenye picha ya simba. Bibi alilipokea kwa magoti, akapiga makofi ya heshima kama desturi, kisha akabaki amelikumbatia asijue pa kuliweka.

Mambo yangeishia hapo tungecheka mpaka leo. Lakini meneja alikuwa ameshaandikia makao makuu. Jioni aliniita akaniambia kwamba kituo chetu cha Laela, ambako wachambuaji walikuwa wapya, kinasuasua, na kwamba amepata dawa. Mwezi ujao atampeleka bibi Laela, akae mbele ya wale wapya, awaonyeshe jinsi alivyobadilika. Wakubwa wawili watakuja kumwona akifanya kazi.

Nilimpa bibi habari hizo nje ya geti. Alisimama akashika waya wa uzio.

"Laela nina nani?" aliuliza.

"Hakuna, bibi."

"Basi nitakaa mbele za watu na hii mikono." Aliuachia waya, akaitazama. "Watasema nimeiba."

Alikuwa na hofu ya kweli, na mimi pia nilikuwa nayo, kwa sababu angeumbuliwa mbele ya wageni na kisha angefukuzwa, na pengine si yeye peke yake. Kesho yake wakati wa uji, meneja akiwa ofisini, bibi aliinuka na kikombe chake mkononi. Alisema kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba anawashukuru, kwamba amekula mkono wa kila mmoja na Mungu ameona, lakini wamezidisha. Hataki kuwa wa juu. Anaomba wampunguzie, abaki katikati tu, asionekane, mpaka mvua zinyeshe. Walicheka sana. Mmoja alimwambia kwamba hata wao hawakujua kama ana watoto wengi hivyo. Wakakubaliana, na walikubaliana kwa kichwa tu, kila mtu akarudi kwenye ungo wake.

Hawakupanga nani aache na nani aendelee. Ilikuwa aibu kupanga. Kugawana zamu za kumsaidia mtu mzima mbele yake mwenyewe, kwetu, ni kumvua nguo. Basi kila mmoja alifikiri kwa akili yake: kwa kuwa tumekuwa wengi mno, mimi nitaacha, wenzangu wanatosha. Na kila mmoja aliacha.

Kufikia Jumamosi ya pili nilikuwa nimeshaliona hilo kwenye mizani. Nilijaribu. Nilimwambia mama wa kulia kwamba ndoo ya bibi ni nyepesi, naye akashtuka, akaanza tena makonzi yake, lakini siku zilikuwa zimekwenda na wengine niliwaambia nimechelewa. Namba ya mlangoni ilishuka mpaka chini, mahali pake pa zamani.

Hapo nikaenda ofisini kumweleza meneja ukweli. Nilianza kwa mbali, nikasema kwamba ule mwezi wa zawadi bibi alikuwa na msaada. Alikunja uso.

"Msaada gani?"

"Wenzake walikuwa wanamwongezea."

"Walikuwa wanaghushi uzito?" Aliweka kalamu chini. "Wangapi?"

Niliangalia uso wake nikaona kwamba nikisema wote, ataandikia ghala zima maonyo, na hatafanya hivyo kwa ubaya, atafanya kwa kuwa sheria aliyoiweka inasema hivyo. Nilisema labda mmoja au wawili, na huenda nimekosea. Akashusha pumzi. Akasema yeye anaona kitu kingine: mama yule amelewa sifa. Alipata blanketi akabweteka. Amewahi kusoma kwamba hutokea, mtu akipandishwa haraka hulegea. Inamuuma, alisema, na wakubwa ameshawaandikia wasije Laela, lakini onyo la kwanza halikufutwa, na akimwachia huyu basi ubao hauna maana, wote watajua ni mapambo.

"Yeye anauhitaji huu msimu, meneja. Zimebaki wiki chache."

"Wote wanauhitaji," alisema.

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililonikasirisha zaidi. Nilitoka nikaubamiza mlango, jambo ambalo si kawaida yangu.

Bibi aliondoka mwezi wa Novemba, siku ambayo mawingu ya kwanza yalikuwa yamejikusanya upande wa bonde la ziwa Rukwa. Alikung'uta gunia lake la kukalia, akalikunja, akaniuliza kama ni mali ya kampuni. Nikamwambia alichukue. Alipita akiwapa mkono wote, mstari wa kwanza na wa pili. Mama wa ulimi mkali hakuweza kuinua kichwa. Kuhusu kiinua mgongo bibi hakuuliza neno, alikuwa anajua.

Kazi haikuporomoka, nisije nikadanganya. Iliongezeka. Kila mtu aliinamia ndoo yake, soga zikapungua, konzi la bahati mbaya likimwagikia ungo wa jirani lilirudishwa punje kwa punje. Meneja alinionyesha mchoro wenye mstari unaopanda, na mchoro ulikuwa sahihi. Pale mlangoni, penye mwanga kuliko kwingine kote ghalani, hakuna aliyehamia. Meneja aliwahi kuuliza kwa nini watu wanajibana gizani wakati nafasi nzuri ipo. Nilimwambia kuna upepo.

Msimu ukafungwa, ghala likafungwa, akina mama wakarudi mashambani. Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule, na kila nikipita barabara ya Matai niliona mahindi ya watu yakiwa ya kijani iliyokolea, na katikati yake shamba moja lisilo na mahindi, lenye majani tu. Bibi hakuwa amepanda. Nilipunguza mwendo wa pikipiki kila mara, na kila mara nilipata sababu ya kutosimama. Roho iliniuma, lakini nitasimama niseme nini?

Mwezi wa Machi, Jumamosi moja, meneja alinichukua kwenye gari la kampuni twende Matai kuonana na wakulima wa msimu mpya. Alikuwa anaendesha mwenyewe, mchangamfu, akinieleza kwamba mwaka huu anataka ndoo ziwe na rangi tofauti. Tulipopanda kilima kidogo akakanyaga breki.

"Tazama wale," alisema.

Chini ya barabara akina mama walikuwa wanalima. Majani yalikuwa marefu kufika kiunoni, nao walikuwa wanayang'oa, wanayalaza kwa mafungu, kisha wanayafukia kwa udongo mpaka yanakuwa matuta ya duara, ntumba, kama walivyofanya bibi zetu kabla mbolea ya mfuko haijaletwa. Majani huozea ndani yakawa mbolea yenyewe, na juu yake hupandwa maharage. Kazi hiyo ni nzito na siku hizi wengi wameiacha. Hawa walikuwa wamejifunga kibwebwe. Majembe yalipanda na kushuka, na nyuma yao matuta yalikuwa yamekaa mistari kwa mistari mpaka kwenye mto.

Meneja alizima gari. "Umeona kasi hiyo? Hakuna msimamizi, hakuna anayetega. Nani anaongoza pale?"

"Hakuna," nilisema.

"Lazima yupo. Watu kama hawa ndio ninaowataka ghalani. Twende tukaongee nao."

Alikuwa ameshafungua mlango. Tulishuka kwenye mteremko, yeye mbele na viatu vyake vya ofisini, mimi nyuma. Kando ya shamba, watoto wachanga walikuwa wamelazwa juu ya blanketi jekundu lenye picha ya simba. Meneja alilipita, akasimama, akarudi hatua akalitazama. Kisha aliinua macho akawatazama wale akina mama vizuri, mmoja baada ya mwingine, na wao wakamwamkia kwa zamu bila kuacha kulima. Uso wake ulibadilika. Walikuwa wachambuaji wetu.

Kwetu mtu akiwafikia watu wanaolima hasimami kutazama. Hupewa jembe, alime kidogo, ndipo aseme kilichomleta. Mstari ulifunguka katikati, mahali pa mtu mmoja. Aliyemnyooshea jembe alikuwa bibi mwenyewe.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Lima kidogo, baba."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alilipokea. Mimi nilipewa langu mwishoni, na kutoka pale niliona mstari wote. Meneja alilima kwa nguvu, kwa hasira kidogo, kama mtu anayetaka kumaliza jambo. Mwanzo alikwenda vizuri. Baada ya muda mgongo ukamkataa, akawa anasimama, anajishika kiuno, anavuta majani kwa mkono mmoja. Nafasi yake ilianza kubaki nyuma. Na hapo niliona jembe la kushoto likimega upande wake, mara moja, kisha mara nyingine, polepole, kwa mikono iliyokakamaa, na mwenye jembe anatazama mbele. Lilikuwa jembe la bibi. Upande wa kulia mama wa ulimi mkali naye alimega. Mstari haukupinda. Tulifika mwisho wa shamba pamoja.

Tulikunywa togwa kwenye vikombe vya plastiki, tukaaga. Meneja hakusema alichokuwa amekuja kusema. Ndani ya gari alifunua viganja, vilikuwa vimetoka malengelenge, akavitazama huku akitabasamu.

"Umeona?" alisema. "Nimekwenda nao sawa mpaka mwisho."

Nilikuwa na hasira tangu Novemba. Nilifikiri kumwacha abaki na furaha yake, kama mimi nilivyoachwa na mama yangu. Lakini mimi nilikuwa mtoto.

"Ulikuwa wa mwisho, meneja," nilimwambia. "Sehemu yako kubwa amelima bibi."

Aligeuka akatazama shamba kupitia dirishani. Walikuwa wamerudi upande wa juu, wamejipanga upya, wameinama wote, na kutoka barabarani hukuweza kujua yupi ni mzee na yupi ni kijana. Alitazama muda mrefu. Kisha akawasha gari, akaliendesha taratibu, usukani ameushika kwa ncha za vidole kwa sababu ya malengelenge. Karibu na Matai ndipo aliposema, bila kunitazama, kwamba msimu ukifunguliwa nimwite bibi. Nikamwambia nitamwita.